Treni Ikija Nairobi, Dereva wa Matatu Asiachwe Stage

Mzee wangu ameendesha matatu miaka 23. Muulize alianza akiwa nani, atakwambia dereva. Muulize sai yeye ni nani, atakwambia dereva. Na si ati ni mvivu. Anatoka kwa nyumba saa kumi alfajiri, anarudi saa nne usiku. Shida ni kwamba hiyo kazi haina pa kwenda. Ukiwa konda unaweza kuwa dereva. Ukishakuwa dereva, umefika. Juu yako kuna mwenye gari tu, na kutoka kwa usukani hadi kununua gari yako si ngazi. Ni ukuta.

Sasa nisikilizeni. Kila picha za treni za mjini zikipita kwa simu zetu, iwe ni Addis Ababa ama Lagos, sisi huuliza maswali mawili. La kwanza: Nairobi yetu ni lini? La pili: dereva wa hiyo kitu analipwa ngapi? Sijawahi kuona mtu akiuliza la tatu, na kwangu ndilo kubwa. Huyo dereva akimaliza miaka kumi kwa hicho kiti, anakuwa nani?

Kwanza tuelewane. Treni nyepesi si kama ile ya SGR. Ni treni ndogo ya umeme ya kubeba watu ndani ya mji. Inasimama kila baada ya mwendo mfupi, na mahali pengi inapita barabarani kabisa, ikishiriki taa na makutano na magari. Addis walifungua yao mwaka wa 2015. Sisi hapa bado tuko na treni za dizeli za kwenda Syokimau, Ruiru na kwingineko. Lakini mji unajaa, na siku moja mtu atatuletea reli kama hiyo.

Sasa, kwa miji iliyo na hizi treni kitambo, kazi ya dereva huwa na ngazi. Unaanza ukiwa mwanafunzi, unaendesha na mtu pembeni. Ukipita mtihani unapewa treni peke yako. Ukikaa, unaweza kuwa mwalimu wa madereva wapya. Kuna wanaopanda kuwa wasimamizi wa zamu, wengine wanaingia chumba cha kuongozea treni, pale mtu anakaa mbele ya skrini akijua kila treni iko wapi. Wachache wanafika ofisi ya uendeshaji wa laini nzima. Na hata ukiamua kubaki kwa usukani hadi ustaafu, ukongwe wako una maana. Mahali pengi aliyekaa zaidi ndiye huchagua zamu kwanza. Mgeni ndiye hupewa ile ya usiku na ya Krismasi.

Kuna kitu kimoja cha Los Angeles, kule Marekani, ambacho kilinishtua. Reli yao ya kwanza ya aina hii, enzi hizi, ilianza 1990. Na hao madereva wa treni hawatoki mbinguni. Shirika linachukua madereva wake wa mabasi, linawafunza, linawapandisha. Yaani basi ni ngazi ya chini ya treni.

Sasa rudi Nairobi. Mabasi yetu ni matatu. Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua wengine mtanirukia: treni nyepesi ikija, nafasi za kwanza za kusomea uendeshaji zitengewe madereva wa matatu.

Nishasikia kelele tayari. "Wale wazimu? Watapitisha treni kwa pavement!" Sawa, tucheke kidogo, halafu tufikirie. Dereva wa matatu hukimbia kwa sababu ya hesabu. Kila asubuhi mwenye gari amemwekea pesa ya kurudisha jioni, mafuta ni juu yake, polisi juu yake, na chake ni kinachobaki. Ukikaa kwa foleni, njaa ni yako. Mtu yeyote akiwekwa kwa hiyo kazi, hata pasta, atapanda pavement siku moja. Mpe mshahara wa mwezi na ratiba ya saa, uone kama atakimbizana na nani. Treni nayo haiwezi kuovateki.

Na kuna vitu anajua ambavyo huwezi kusoma darasani. Anajua boda inatokea wapi. Anajua mama aliyebeba mzigo atavuka hata kama taa inamkataza. Anaisoma barabara kabla haijatokea kitu. Treni inayopita kati ya magari inahitaji hayo macho zaidi ya kitu kingine, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki kama taya kwa lami. Haisimami ghafla, na haiwezi kukwepa. Lazima uone hatari mapema.

Cha kufunzwa kipo, sikatai. Ishara, sheria za reli, redio, kutulia. Lakini Wakenya walishafunzwa makubwa kuliko haya. Madaraka Express ilipoanza 2017, kati ya madereva wake kulikuwa na wanawake waliopelekwa kusomea Baoji, China. Kama tuliweza kupeleka watu China, tunaweza kupeleka watu darasani kutoka stage ya Kayole.

Kikwazo chenye najua kitawekwa ni karatasi. Mimi niliacha campo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hiyo hiyo lugha naijua. "Tunaomba cheti." Mzee wangu leseni anayo, good conduct anayo, na anazilipia kila zikiisha. Leseni yenyewe ina D1, D2, D3: van, minibasi, basi kubwa. Gari linakua, wewe unabaki pale pale. Lakini fundi wa magari ambaye hakumaliza shule anaweza kwenda NITA akapimwa Grade III, akarudi kwa Grade II, hadi I, kwa kazi ya mikono yake. Basi wapimwe na hawa vivyo hivyo. Miaka 20 ya kubeba abiria bila kuua mtu ni mtihani tosha wa kuingilia.

Mwingine ataniambia treni za kisasa hazina dereva. Ni ukweli, Dubai Metro imeenda bila dereva tangu 2009. Lakini mji huo huo uko na tramu inayopita barabarani, na hiyo iko na dereva. Reli ikiwa imejitenga juu ya nguzo, mashine inaweza. Ikishuka kwa watu, bado tunahitaji mtu. Na hata mashine ikija siku moja, aliye na ngazi anaweza kuhamia chumba cha kuongozea. Aliye na kiti peke yake, akinyang'anywa kiti hana kitu.

Addis nao wametufunza lingine. Walinunua treni 41, na baada ya miaka michache nyingi zikawa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Hakuna dereva hupanda cheo kwa treni iliyoegeshwa. Kwa hiyo tukidai ngazi, tudai pia pesa ya kutengeneza, na mafundi wafunzwe pamoja na madereva.

Kwa nini najali hivi? Mwaka juzi mzee alilazwa wiki tano. Aliporudi stage, gari lilikuwa na dereva mwingine. Hakuna barua, hakuna mkutano. Miaka yake yote haikuwa imeandikwa popote. Akaanza upya kama deiwaka, akingoja mtu achoke ndio apewe squad moja. Baba yangu, na nywele zake nyeupe. Hiyo picha haijanitoka.

Juzi nilimsomea haya yote akinywa chai. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Kwani hao watu wa treni hawahitaji mtu anajua kushika breki?" Wanahitaji, mzee. Lakini ana miaka 54, na reli yenyewe haijachimbwa. Pengine kwake imechelewa. Konda wake ana 24.

Kwa hiyo siku serikali italeta ile michoro mizuri ya treni na kukata utepe, msiulize tu itakuwa na rangi gani. Ulizeni nani atafunzwa kuiendesha, na miaka kumi baadaye atakuwa amefika wapi. Iandikwe kwa mkataba kabla reli ya kwanza haijalazwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayetusikiza.

Wewe kazi yako iko na ngazi ama ni kiti tu? Niambie hapo chini, nasoma zote.