Kauli ya Mgonjwa na Bei ya Kiwanja
Na Ramazani Kyungu

Katika mitaa iliyouzunguka mgodi wa Mutoshi, hapa Kolwezi nchini Kongo, ambao zama za kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière uliitwa Ruwe, mzee akizidiwa na maradhi, wanawe na nduguze hukusanyika uani wakanong'onezana juu ya dawa, oksijeni na fedha za kutanguliza hospitalini, ilhali mwenyewe, ambaye roho ni yake na kifua ni chake, amelala chumbani akiwasikia, wala hakuna amwulizaye. Na akiulizwa, jawabu lake aghalabu ni moja: "Niacheni nyumbani."

Wako walipokeao jawabu hilo kwa taadhima, wakaliita wasia. Mimi silipokei upesi hivyo. Wazee wengi wa Kolwezi ni watumishi wa zamani wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliozoea tangu ujana kwamba kampuni ndiyo itoayo unga, skuli ya watoto na hospitali isiyodai malipo; kisha, kuanzia mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya 10,000 miongoni mwao waliondoshwa kazini kwa jina la kuondoka kwa hiari (hiari gani, kwa mtu aliyekaa miezi na miezi bila mshahara?), wakapewa kitita kimoja, na mlango wa hospitali ukafungwa nyuma yao. Mtu wa namna hiyo asemapo asipelekwe kwa tabibu, yumkini akusudia jambo jingine: msiuze kiwanja kwa ajili yangu, wala maiti yangu isije ikazuiliwa hadi deni lilipwe, jambo ambalo katika nchi yetu si hadithi. Hapo hakuchagua, amepiga hesabu tu.

Kwa hiyo mzee aulizwe mara mbili, tena angali na nguvu ya kuketi kibarazani, si katika sakarati. Kwanza: "Baba, lau matibabu yangekuwa bure, ungependa nini?" La fedha lifuate baadaye. Akijibu kwamba hata bure hataki mipira puani wala safari ya Lubumbashi, basi hiyo ndiyo ikhtiari yake, na mwanawe mkubwa, ajapokuwa ndiye alipaye, hana haki ya kuitangua kwa kuchelea watu watasema amemtupa babaye. Matibabu mengi ya siku za mwisho hufanywa kwa ajili ya majirani.

Lakini kubaki nyumbani pasipo dawa ya maumivu ni adhabu. Huko Uganda, ambako Anne Merriman aliasisi Hospice Africa, shirika la kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mwaka 1993, morfini ya maji hunywewa kitandani kwa mgonjwa, na tangu 2004 sheria imewaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika wenyewe bila kumngoja daktari. Mkoa wetu wa Lualaba, ambao kobalti yake inatafutwa na dunia nzima, hauwezi kushindwa na chupa ya morfini. Na uanze na muuguzi mmoja, mwenye ruhusa ya kuiandika na pikipiki ya kuifikisha, katika zahanati moja ya Mutoshi, ili mzee asemaye aachwe nyumbani awe kweli na mambo mawili ya kuchagua.