Altezza halinywi uji mzito!

Mie niko fiti, gari langu liko fiti, na ukweni bado wananipenda. Nasema hivyo kwa sababu hivi karibuni gari na ukwe vyote viwili vilikuwa hatarini, kisa oili. Ndiyo, oili ya injini! Nyie masela wenye mikoko ya kasi, wa Altezza na wa Subaru, kaeni mkao wa kula.

Ishu ilikuwa hivi. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, alikuwa anaolewa kwao Litembo, kule juu milimani Mbinga, mkoani Ruvuma. Nani ambebe bibi harusi? Si mimi hapa, mkwe wa mjini mwenye Altezza RS200 ya gia za mkono! Kichwa kikavimba.

Kutoka Dar mpaka Litembo ni zaidi ya kilomita 1,000. Kitonga nilipanda kwa mbwembwe, Makambako nikakunja kushoto, nikaimaliza Njombe, Songea, halafu Mbinga. Njia nzima napiga resi kama niko kwenye mashindano. Kupima oili? Aah, si nilimwaga mwezi uliopita bwana!

Baada ya Mbinga mjini nikaanza kuipanda milima, kona baada ya kona, huku ngolo za Wamatengo, huku mibuni. Karibu kabisa na kufika, kwenye kona kali, taa nyekundu ya oili ikawaka. Ikazima. Kona iliyofuata, ikawaka tena. Jasho likanitoka na baridi lote lile. Nikasimama, nikazima injini palepale.

Hapo tu ndipo nilipofanya la maana siku ile. Ile taa nyekundu haikwambii tu kwamba oili imepungua, inakwambia presha ya oili imeanguka. Oili ikiwa kidogo kwenye sampo, ukikata kona kali yote inakimbilia upande mmoja, pampu inafyonza hewa. Endelea kukanyaga mafuta, beringi zitasagana kavu na injini itanoki. Habari kwisha.

Vijana wakanisaidia kulisukuma gari hadi mahali tambarare, maana ukipima oili kwenye mteremko kijiti kinakudanganya. Na Litembo, ndugu yangu, kupata pa tambarare ni kazi! Nikachomoa kijiti. Oili imegusa ncha tu. Injini za namna hii zikiendeshwa kwa resi za juu safari ndefu, oili zinakula, na mie nilikuwa sijapima tangu Dar.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Harusi Jumamosi asubuhi.

Jamaa mmoja anayetengeneza pikipiki akaja mbio na galoni. SAE 40, ya mashine ya kusaga. "Bro, hii nzito, inakaa. Gari likishatembea sana linataka oili nzito." Mwenzake naye akaleta oili ya bodaboda. Nikashika galoni, nikafungua boneti, nikawa tayari kumimina.

"Weka chini hiyo," sauti ikatoka nyuma yangu. Baba mkwe. Mzee huyu ameendesha lori la kahawa miaka mingi kwenye milima hiyohiyo. "Mwanangu, mtoto mchanga unamnywesha uji wa wakata kuni? Kitabu cha gari kiko wapi?"

"Kipo baba, ila kimeandikwa Kijapani."

"Na namba nazo ni za Kijapani?"

Nikanywea. Kumbe kitabu kimelala kwenye droo ya dashibodi miaka yote, na namba zinasomeka vizuri tu!

Sasa sikilizeni somo. Oili nyingi za siku hizi zina namba mbili, kama 5W-30 au 10W-40. Ile ya kwanza, yenye W, inahusu oili ikiwa ya baridi: namba ikiwa ndogo, oili inakimbia upesi zaidi unapowasha gari. Ya pili inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto wa nyuzi 100. SAE 40 tupu haina W, na alfajiri ya Litembo mwezi Juni ni baridi la kung'ata mifupa. Ukiwasha, oili ile inapanda juu ya injini kwa kujivuta, na muda huo wote vyuma vinasuguana.

Halafu hii Altezza RS200 ina injini ya 3S-GE BEAMS, cc 1,998, farasi 210 kwenye resi 7,600. VVT-i yake iko kwenye kemshafti zote mbili, na kinachoisukuma ni presha ya oili hiyohiyo, kwenye vinjia vyembamba. Ukiijaza uji mzito, mambo yanachelewa. Tena Altezza si zote sawa: AS200 ina injini nyingine kabisa, 1G-FE ya pistoni sita. Usiige oili ya mshikaji kwa sababu tu mna magari ya jina moja.

Msije mkaelewa kwamba nyepesi ndiyo bora. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, injini ikichemka na resi ziko juu, ule utando unaotenganisha vyuma unakatika. Oili sahihi ni ile waliyoipanga waliotengeneza injini, si nzito wala nyepesi ya kijiweni.

Kuna herufi pia. Kwenye alama ya API, zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. SP ilitoka mwaka 2020, na kwa petroli kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa. Ile ya bodaboda nyingi ina alama ya JASO MA, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili na inatakiwa ing'ang'anie. Haikupangwa kwa ajili ya Altezza.

Na nyie wa Subaru zenye tabo, msicheke. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, imebebwa na utando wa oili tu. Wekeni sintetiki ya namba iliyo kwenye kitabu. Mkitoka kukimbiza, acheni injini iungurume dakika moja hivi kabla ya kuzima, la sivyo oili inaungulia humo ndani.

Turudi Litembo. Nikapiga picha namba za kitabuni, nikamtuma bodaboda Mbinga mjini: "Hiyohiyo, na kizibo kiwe na mhuri, usiniletee ya kupima." Karudi saa tatu usiku na chupa mbili. Nikamimina kidogo kidogo, napima, hadi katikati ya alama mbili. Sikujaza pomoni, kwani oili ikizidi inapigwa na kurenki hadi inatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Alfajiri nikawasha, roho juu. Taa ikazima. Hakuna mgongano, hakuna kelele. Bibi harusi akafika kanisani kwa wakati, na shela lake halikunusa oili.

Jumapili tukateremka Mbamba Bay kula samaki. Kutoka baridi la milimani hadi joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa, siku moja, oili ileile, injini inanguruma kama paka aliyeshiba. Hapo nikaelewa kwa nini zinawekwa namba mbili.

Baba mkwe alikaa siti ya mbele. Kabla sijawasha kurudi, akaniangalia tu: "Umepima?"

Nilikuwa sijapima. Nikashuka.

Na wewe unayesoma hapa, boneti yako mara ya mwisho ulifungua lini? Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa. Ciao!