Hifadhi ya Jamii Ambayo Jamii Haikuulizwa

Januari 2025 serikali ya Kinshasa ilitoa amri ya kuunda Ukanda wa Kijani wa Kivu–Kinshasa, kilomita za mraba zipatazo 540,000, eneo linalokaribia ukubwa wa Ufaransa. Likapewa jina la hifadhi ya jamii, na Rais Tshisekedi akalitangaza Davos, Uswisi, kwenye mkutano wa viongozi na matajiri. Mashirika ya kiraia ya Kongo yakalalamika kwamba wanavijiji hawakushauriwa kwanza. Mimi niko upande wao. Kitu kinachoitwa cha jamii kiamuliwe mbele ya jamii, siyo mbele ya matajiri wa Ulaya.

Watetezi wa ukanda huu wana hoja zao. Misitu inakatwa, vijana hawana kazi, na ajira 500,000 zimeahidiwa. Tena, wanasema, kuuliza kijiji kimoja kimoja kunachelewesha. Haya. Lakini mpaka kachora nani?

Hapo ndipo penye shida yote. Mtu wa ofisini akitazama picha ya setilaiti huona kijani kitupu. Mwenyeji wa Nyangwe, huku kwetu Maniema, akiwa ukingoni mwa mto Lualaba, huona shamba lililoachwa lipumzike na bado lina mwenyewe. Huona makaburi ya ukoo, na kijito ambacho kina mama hukiziba wakati wa kiangazi wapate samaki. Hayo yote setilaiti haiyaoni, na kalamu ikishapita juu yake, anayelima pale huamka akiwa mhalifu.

Na siyo mara ya kwanza. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji uliamuru kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya dola. Isiyo na mtu! Miaka 14 kabla yake msafiri David Livingstone alikuwa amefika Nyangwe akakuta soko lililojaa watu kutoka kingo zote mbili za mto. Aliyetaka kutuona angetuona.

Wanaolia kwamba kuuliza kunachelewesha waende Itombwe, kwa jirani zetu wa Kivu Kusini. Mwaka 2006 waziri alitia saini amri ya hifadhi bila kuwashauri wenyeji, nao wakaikataa. Ikabidi kazi irudiwe kijiji kwa kijiji, wenyeji wakionyesha mashamba yao na mahali pa kuwindia, hadi mipaka ikaidhinishwa 2016. Miaka kumi imeliwa na haraka ya siku moja! Kahuzi-Biega ni mbaya zaidi: mbuga ilipanuliwa mwaka 1975, Watwa wakafukuzwa msituni mwao, na 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Kongo ilivunja haki zao. Ni mara ngapi tufundishwe somo hilohilo?

Njia halali ipo. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii kupewa msitu wake wa mila hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Machifu wa Kasongo na Kabambare, msingoje kuletewa ramani. Waiteni wazee, wavuvi na kina mama wa mashambani, mchore yenu, kisha muifikishe Kindu mkononi mwa gavana.