Kuku wa Kuzungushwa Juu ya Jiko la Gesi

Msomaji, uliyeongeza chuma cha kuzungushia na mota yake kwenye jiko la gesi la kuchomea nyama, usiharakishe kuwasha. Mfunge kuku mabawa na miguu kwa uzi wa pamba, mpitishe chuma katikati, umkaze kwa uma zake. Kisha laza ncha za chuma viganjani: iwapo upande ule ule hushuka kila mara, uzito haujalingana, na mota itaumia. Mpange upya, hata kama baba amerudi zamu ana njaa. Ondoa wavu. Fungua kifuniko kabla ya kuwasha, kwani gesi iliyojikusanya hulipuka. Zima moto ulio chini ya kuku, uache wa pembeni tu. Mafuta yadondokayo huwaka. Kuku huwa ameiva paja lifikapo joto la nyuzi 74 za Selsiasi.