Wataiwani Tusiowataja

Ninapowauliza wanafunzi wangu wanitajie Mtaiwani mashuhuri, jibu la kwanza huwa Jensen Huang wa Nvidia. Aliyesoma zaidi huongeza Lisa Su wa AMD, aliyezaliwa Tainan mwaka 1969 na kuhamia Marekani akiwa na miaka mitatu. Majibu hayo ni sahihi. Hata hivyo, majina ya wakuu wa kampuni hayatuelezi kwa nini neno "Mtaiwani" liliwahi kumtia mtu gerezani.

Ningependa wamfahamu Peng Ming-min. Alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan, na nchi ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi iliyodumu tangu 1949 hadi 1987. Mwaka 1964, yeye na vijana wawili aliowahi kuwafundisha walichapisha waraka uliosema jambo lililokuwa wazi kwa kila mwenye macho: kwamba Chiang Kai-shek hataikomboa China bara, na kwamba wakazi wa kisiwa, wa asili zote, wajijengee dola yao ya kidemokrasia. Walikamatwa kabla ya kuusambaza. Mwaka 1970 Peng alitoroka hadi Sweden, kisha akaishi Marekani, na hakurejea nyumbani hadi 1992. Miaka minne baadaye aligombea urais katika uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja. Alishindwa, lakini alishindwa kwa kura.

Chen Wen-chen hakupata bahati hiyo. Alikuwa mhadhiri wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka 1981 alirudi kuwaona jamaa zake, akachukuliwa na vyombo vya usalama kuhojiwa juu ya shughuli zake za Marekani, na kesho yake maiti yake ikakutwa katika viwanja vya chuo alichosomea. Kumbe hata ughaibuni palikuwa na wapelelezi waliowaandika majina wanafunzi wenzao. (Sisi wahadhiri tunaolalamikia posho tuyakumbuke haya.)

Utambulisho huo, basi, haukutokana na damu. Ang Lee, mwongozaji wa filamu, alizaliwa Pingtung mwaka 1954 na wazazi waliotoka China bara. Morris Chang, mwasisi wa TSMC, alizaliwa Ningbo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Chengchi kimekuwa kikiwauliza wakazi wanajiita nani: mwaka 1992, waliojiita Wataiwani tu hawakufika asilimia 20, miaka ya karibuni wamepita asilimia 60. Huko Marekani, fomu ya sensa ya 2020 haikuwa na kisanduku chao. Aliyetaka kuhesabiwa kuwa Mtaiwani alilazimika kuliandika neno hilo mwenyewe.

Najua nitaulizwa: je, Tanzania haikusimama na Beijing mwaka 1971, Salim Ahmed Salim akiwa balozi wetu Umoja wa Mataifa? Ilisimama, nami sioni aibu kwa kura ile. Kuwanyima mamia ya mamilioni ya watu kiti chao kulikuwa dhuluma. Lakini wapo wanaolitaja Azimio Namba 2758 kana kwamba liliamua pia watu wa kisiwani wajiite nani. Walisome tena. Linazungumzia wajumbe wa Chiang Kai-shek. Neno Taiwan halimo.