Nani anakata ng'ombe? Uchunguzi ambao hakuna mkubwa anautaka



Picha inaingia kwa telefone asubuhi. Ng'ombe wamelala kwa majani, miguu ya nyuma imekatwa na panga. Wamoja bado wanapumua, wanajaribu kusimama, wanaanguka. Nyama haikuchukuliwa. Chini ya picha kuko neno moja tu: Masisi, ao Minembwe, ao Djugu. Kiisha maneno inaanza. Huyu analia, yule anacheka, mwengine anaandika: « Ni ng'ombe ya wale, muache. » Jioni picha imesahauliwa.

Sisi tunakataa kusahau. Tuko na swali moja: nani amechunguza?

Kuna watu wanasema ni uchawi, ni mambo ya usiku. Tuwaambie kitu. Marekani, miaka ya 1970, wafugaji walikuwa wanakuta ng'ombe wamekufa, ulimi hakuna, masikio hakuna, damu haionekani. Watu wakasema ni mashetani, wengine wakasema ni vyombo vya kutoka angani. Serkali ilifanya nini? Mwaka 1979 senata wa New Mexico aliita mkutano juu ya ile mambo. Wakatoa dola karibu 44.000, wakamupa kazi ajenti wa zamani wa FBI, Kenneth Rommel. Mwaka 1980 akatoa raporo: mingi ya ile maiti ililiwa na wanyama na ndege, basi. Kule Arkansas polisi waliacha ng'ombe aliyekufa shambani masaa 48 wakimwangalia. Tumbo ilivimba, ngozi ikapasuka kama imekatwa na kisu, nzi wakamaliza kazi. Shetani hakuonekana.

Kuko watu mpaka leo hawaamini ile raporo. Sawa. Lakini waliuliza, walitoa makuta, waliandika jibu kwa karatasi. Na ile ilikuwa siri ya kweli. Yetu si siri hata! Nzi haishike panga. Fisi haikate mshipa wa mguu kiisha aache nyama. Kwetu jibu iko karibu zaidi, na ndiyo maana hakuna mwenyi anaitafuta.

Tutenganishe mambo mbili. Mwizi anakamata ng'ombe juu anataka makuta. Yule anayekata miguu na kuacha nyama ioze, hana njaa. Anaandika barua. Ile barua inasema: ondokeni hapa. Na mtu anayesoma hiyo barua haangalie tena ng'ombe, anaangalia watoto wake, anafunga mizigo. Wazee wetu wa Masisi wanakumbuka mwaka 1993: vita ilikula watu na mifugo pamoja. Yule anayezoea kukata kiumbe kisichoweza kusema, kesho mkono wake hautetemeke mbele ya mtu.

Na wizi nao una njia yake. Ng'ombe wa kuibwa haruke angani. Anatembea kwa barabara, anapita bariere, pale analipishwa, anafika soko, anafika machinjio. Kila hatua kuko mtu mwenyi silaha ao mwenyi mhuri. Sisi wa mjini tunakula mishikaki jioni na hatuulize imetoka wapi. Na sisi tuko ndani.

Tunajua mtaandika nini: « Watu wanakufa, ninyi munalilia ng'ombe? » Ndiyo, na tunaeleza juu ya nini.

Wengi wetu tunaoandika hapa tuko na diplome ya université na hatuna kazi. Ile diplome ilitoka wapi? Papa aliuza ng'ombe mwaka wa kwanza, akauza mwengine kwa memwari. Hapa kwetu benki ya mtu wa kijiji inakula majani. Ndiyo minervali, ndiyo dawa ya mama akijifungua, ndiyo mahari. Kule Bushi, kalinzi ilikuwa hivi: unapeleka ng'ombe kwa mwami, unapata udongo wa kulima. Kumukata ng'ombe mguu ni kumukata mtoto masomo. Na ng'ombe mwenyewe anasikia maumivu. Binadamu alimufunga kamba, akamufundisha kumufuata, akakunywa maziwa yake. Yule mnyama hana njia ya kukimbilia kambi ya wakimbizi. Ule mkataba ni sisi tuliuandika, tuuheshimu.

Lakini tuseme ukweli yote. Kuko mama mwenyi aliamka akakuta maharagi yake imemalizwa na ng'ombe ya mkubwa. Alishitaki, hakuna aliyemusikiliza. Kuko vilima vizima vya konsesioni za watu wa politike na wa jeshi, na pembeni yake familia zinalima mahali padogo sana. Sheria ya 1973 ilisema udongo ni wa serkali. Wenyi kujua njia ya ofisi walipata makaratasi, mkulima alibaki na jembe. Ile hasira ni ya haki. Panga kwa mguu wa ng'ombe si haki. Mara nyingi mkubwa haumie: anayeumia ni mchungaji, kijana kama sisi, na jirani mwenyi alikuwa na ng'ombe mbili tu.

Na muache ile neno « ng'ombe ya wale ». Ng'ombe hana kabila. Hana kadi ya uchaguzi.

Kwa hiyo tunaomba, kwa serkali na kwa kila mwenyi kushika silaha na kujiita mkubwa pahali fulani:

1. Kila mara mifugo inakatwa, OPJ na veterineri wafike, waandike, na raporo isomwe mbele ya watu. Sheria inaadhibu anayeua mnyama wa mwengine kwa ubaya, itumikishwe.
2. Bariere ziache kulipisha ng'ombe bila kuuliza mwenyewe ni nani. Machinjio iandike kila ng'ombe alitoka wapi.
3. Mkulima mwenyi shamba lake limeliwa alipwe, haraka, hata kama ng'ombe ni ya jenerali.
4. Konsesioni kubwa zichunguzwe, makaratasi yawekwe wazi.

Na ninyi vijana: ukipata picha, uliza ni wapi, ni siku gani, nani aliipiga. Usitume na neno la chuki. Tuma na swali.

Nani alikata? Nani alimutuma? Nani alikula?

Tutauliza mpaka watujibu.