Mkono wa Tabibu Kwanza, Mashine Baadaye

Yako maradhi ambayo wanawake huyabeba kwa miaka mingi bila ya kumwambia mtu. Kushuka kwa kizazi ni mojawapo. Misuli na kano zinazoshikilia kizazi, kibofu na njia ya haja kubwa hulegea au huchanika, hasa kwa uzazi wa mara nyingi, umri na kubeba mizigo mizito. Viungo hivyo vikateremka ukeni, na pengine vikatokeza nje. Mwenye kuugua huona haya, naye hukaa kimya. Lakini wahenga walikwisha kusema kwamba mficha uchi hazai.

Swali linalostahili kuzingatiwa na wananchi na viongozi ni hili: je, maradhi haya yapimwe kwa mkono wa tabibu, au kwa picha za mashine? Jibu lake lina uzito, kwani ndilo litakaloamua fedha za umma zielekezwe wapi.

Tangu mwaka 1996 mabingwa wanacho kipimo kimoja cha mkono, kiitwacho POP-Q. Mama hulala chali, hukaza pumzi na kusukuma, naye tabibu hupima kwa sentimita umbali wa kuta za uke kutoka mahali pa kizinda. Matokeo hupangwa katika daraja tano, kuanzia sifuri hadi 4. Kinachohitajika ni kitanda, mwanga, kijiti chenye alama za sentimita na mpimaji aliyefundishwa.

Utafiti wa vijijini Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2018, ulitumia kipimo hicho hicho. Asilimia 64.6 ya wanawake waliopimwa walikuwa na daraja la 2 au zaidi. Lakini ni asilimia 6.7 tu ambao viungo vyao vilikuwa vimeshuka sentimita moja au zaidi kupita kizinda. Tofauti hiyo ni funzo. Kushuka kidogo si lazima kuwe maradhi ya kutibiwa, kwani kwa kawaida mama huanza kuhisi uvimbe pale nyama inapofika kizindani. Mkono wa tabibu, basi, hupima pale pale penye dhiki.

Picha za ultrasaundi na za mashine ya sumaku, yaani MRI, huanzia kwingine. Ultrasaundi hupima kutoka ukingo wa chini wa mfupa wa kinena. MRI hutumia mstari unaotoka kwenye mfupa huo hadi kifandugu. Ndiyo maana hesabu zake hazilingani daima na za mkono. Kwa ukuta wa mbele, ulipo kibofu, hukaribiana vizuri. Kwa ukuta wa nyuma mara nyingi hutofautiana.

Hata hivyo, hatusemi kwamba picha hazina faida. Mkono huona ukuta. Picha huona kilicho nyuma yake. Huonyesha kama kilichotokeza ni njia ya haja kubwa au ni utumbo mwembamba. Huonyesha pia misuli iliyobanduka mfupani wakati wa kuzaa, jambo linaloongeza hatari ya maradhi kurudi baada ya upasuaji. Kwa mama aliyekwisha kupasuliwa, au ambaye dalili zake hazipatani na alichokiona tabibu, picha ni msaada mkubwa.

Kwa hiyo utaratibu wa haki ni huu: mkono kwa wote, picha kwa wanaozihitaji. Mama wa Kojani au Tumbatu, ambaye hana budi kupanda chombo ndipo afike hospitali kubwa, asiambiwe angoje mashine ndipo ajulikane anaugua nini.

Tunaishauri serikali iwafundishe wakunga na matabibu wa vituo vya Unguja na Pemba kipimo hiki, na kila kituo kiwe na chumba chenye stara na mpimaji mwanamke. Pete za kuzuia kizazi zipatikane karibu, kwa kuwa wengi huweza kusaidiwa nazo bila ya kisu. Mashine zikinunuliwa, ziende pamoja na wataalamu wa kuzisoma.

Mashine bila ya mkono uliofunzwa ni mzigo tu. Mkono uliofunzwa, hata pasipo mashine, huweza kumwondolea mama dhiki yake leo.